Mteule Aliyeutazama Ukuta

Mashine ya kusaga ya Magige, ukishaipita senta ya Butiama kidogo, haina bango wala rangi. Haihitaji. Mtoto yeyote aliyebeba mahindi kichwani ukimuuliza anakwenda wapi, atakwambia anakwenda kwa Waziri Mkuu. Wazee nao wanasema hivyohivyo, bila kucheka. Kuna mama wa jirani alishagomba mbele yangu kwamba Waziri Mkuu amemchanganyia unga wake wa muhogo na mtama wa watu. Kama ungekuwa mgeni ungedhani nchi imeharibika.

Magige mwenyewe hajibu hayo. Anazima mashine, anapangusa nyusi kwa mgongo wa mkono, anasema, "Lete tuchekeche." Ni mrefu, mwembamba, na unga umemkaa kwenye kope mpaka anaonekana mzee kabla ya zamu yake.

Niseme mapema nisije nikashitakiwa: Magige hakuwahi kuwa Waziri Mkuu, hata wa chuo. Aliteuliwa. Kuteuliwa na kuwa ni vitu viwili, kama kuposa na kuoa. Katikati pana watu ambao lazima waseme ndiyo, na watu hao wana midomo yao. Chuoni kwetu waliitwa Bunge, ingawa walikaa kwenye viti vya plastiki, na kikao kilikuwa kinavunjika kila harufu ya maharage ilipoanza kuingia.

Kilikuwa chuo cha binafsi pale Musoma mjini, jina lake naliacha lipumzike. Serikali yetu ya wanafunzi ilikuwa na kila kitu isipokuwa jeshi: Rais, Spika, wabunge wa kila darasa, na katiba iliyotolewa kopi mpaka maneno yakafifia. Katiba ilisema Rais atamteua Waziri Mkuu na Bunge litamthibitisha. Jina la kwanza likikataliwa, alete la pili. La pili likikataliwa, alete la tatu. La tatu nalo likianguka, basi Bunge linajichagulia lenyewe na Rais anabaki kupunga mkono kwenye mahafali.

Waziri Mkuu alikuwa anapewa chumba. Kilikuwa chumba kidogo mwisho wa bweni la wavulana, zamani stoo ya magodoro, chenye kitanda, meza, na dirisha linaloliona ziwa kwa jicho moja. Hakilipiwi. Kwa watoto wa Mwisenge, ambao kwao ni kutembea tu mpaka darasani, chumba kile hakikuwa kitu. Kwa Magige kilikuwa ndiyo diploma yenyewe.

Sababu Magige alikuwa anatoka Butiama kila siku. Anaamka kuku wamelala, anafika Makutano, anasubiri gari ya Musoma, na gari nayo inasubiri ijae. Anaingia darasani mwalimu ameshafuta ubao mara ya kwanza. Mitihani midogo ya asubuhi ilikuwa inampita kama harusi ya watu. Muhula wa kwanza alinusurika kwa kamba nyembamba, na mkuu wa idara akamwambia wazi kwamba akikosa tena muhula wa pili atadisko, yaani matokeo yake mwenyewe yatamfukuza. Kupanga chumba mjini hakuweza. Alikuwa na mke, Recho, na mtoto wao wa kwanza alikuwa njiani.

Sasa kuna jambo lingine lazima nilieleze, na bila hilo hadithi hii haina miguu. Mama yake Recho, Mama Matrida, naye alikuwa anasoma palepale.

Alikuwa mtendaji wa kijiji upande wa Bunda, na serikali ilishawaambia watendaji waongeze elimu. Darasa la watumishi lilikuwa linakutana Ijumaa na Jumamosi, wiki moja ndiyo, nyingine hapana. Na kwenye ukoo wa kina Magige, na kwa kina Recho vilevile, mume wa binti na mama mkwe hawaonani uso. Si ugomvi. Ni heshima, tena heshima kali. Wakikutana njiani mmoja anaingia vichakani. Salamu inapita kwa mtu wa tatu, hata kama wote watatu wamesimama chini ya paa moja la dukani wakikimbia mvua. Jina la mkwe halitajwi. Sisi wa Nyegina, watoto wa misheni, mama mkwe tunampigia goti na kumwomba maji ya kunywa, kwa hiyo mwanzoni nilidhani jamaa ana kesi.

Ijumaa moja nilimkuta amechuchumaa nyuma ya jiko la chuo, kati ya kuni na masufuria, huku mama mwenye mwavuli wa kijani anapita uwanjani.

"Mura," nikamwita kijana mwenzangu kwa namna ya kwao, "huyo mama amekufanya nini?"

"Amenizalia mke."

"Sasa si umshukuru?"

"Ndiyo namshukuru hivi," akasema, akazidi kuinama.

Mama wa watu naye hakuwa mbali na mchezo huo. Akiona shati la kijana mrefu kwa mbele, mwavuli unashuka mpaka mabegani. Watu wawili walisoma chuo kimoja na hawakuwahi kuonana, na kila mmoja alikuwa anaijua ratiba ya mwenzake kuliko yake.

Rais wetu alikuwa Chrispin, mtoto wa Mwisenge, mzazi mmoja katoka Kagera na mwingine sijui Singida. Kimila alikuwa mweupe kama karatasi. Alikuwa anapendwa na kila mtu isipokuwa Edwin, na Edwin ndiye aliyekuwa Spika. Edwin aligombea urais akashindwa, marafiki zake wakamwonea huruma wakampa uspika. Mtu aliyeshindwa urais ukimpa uspika hujampoza. Umempa rungu.

Chrispin alimteua Amos kwanza. Bunge likamkataa kwa sababu alionekana akila meza moja na mhasibu wa chuo, na wali wake ulikuwa na nyama mbili. Akamteua Lilian, binti mwenye akili kuliko sisi wote. Wakamkataa kwa sababu anakaa mtaa mmoja na Rais. "Hatutaki serikali ya mtaa," Edwin akasema, na wabunge wakapiga meza ambazo hazikuwepo, wakapiga mapaja. Hakuna aliyeuliza Lilian anaweza kazi au hawezi. Ndivyo ilivyo. Mteule anasimama pale mbele, lakini ngozi inayotafutwa ni ya aliyemteua.

Likabaki jina la tatu. Chrispin akamfuata Magige kwenye foleni ya chai.

"Nataka nikupeleke Bungeni."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu hakuna anayekuchukia."

"Hawanijui, kaka. Nafikaga nimechelewa, naondokaga mapema."

"Ndiyo maana yake."

Magige akaweka kikombe chini. Alinisimulia baadaye kwamba hakuwaza uwaziri hata kidogo. Aliwaza kile kitanda, akawaza kuamka saa moja kasoro halafu kutembea hatua chache tu hadi kwenye mtihani, uso umenawa. Akakubali. Jioni ile Recho aliposikia akasema, "Basi mtoto atazaliwa baba yake anasoma kama watu."

Chrispin akaanza kuhesabu wabunge. Alihesabu kwenye daftari, akahesabu kwa vidole, akahesabu kwa kuzunguka bweni, na kila akihesabu inapungua kura moja. Upande wa Edwin haukutikisika. Ndipo akagundua kuna kiti ambacho hakijawahi kukaliwa: mbunge wa darasa la watumishi. Wale wazazi walipotakiwa kuchagua mwakilishi walimchagua mwenzao aliyekuwa mtulivu kuliko wote, wakaenda zao. Bunge lilikuwa linakaa Jumatano na wao walikuwa wanakuja Ijumaa, kwa hiyo jina lilibaki jina. Lilikuwa la Mama Matrida.

Magige hakujua. Nani angemwambia? Nyumbani kwake mkwe hazungumzwi hovyo, na chuoni habari yoyote ya darasa la watumishi alikuwa anaikwepa pamoja na darasa lenyewe.

Chrispin akapanda basi la Bunda. Alimkuta mama ofisini kwake, anaamua kesi ya ng'ombe walioingia kwenye mihogo ya mtu. Akasubiri mpaka ng'ombe wakapatikana na hatia. Kisha akajieleza vizuri, akasema Rais wa wanafunzi amekuja mwenyewe kwa unyenyekevu, kura moja tu inahitajika.

"Mteule wenu anatoka wapi?" mama akauliza.

"Butiama, mama."

"Anaitwa nani?"

"Magige."

Mama akatazama dirishani kidogo. "Ana familia?"

"Ana mke. Tena wanasema anatoka hukuhuku Bunda. Unamfahamu?"

"Sijawahi kumwona," mama akasema, na hapo hakudanganya hata neno moja. "Akipita anapata nini?"

Chrispin akamweleza habari ya chumba. Mama akafunga faili la ng'ombe.

"Nitakuja Jumatano."

Chrispin alirudi anapiga mluzi. Alituambia kwamba katika wabunge wote, yule mama alikuwa mwepesi kuliko wote, hakuomba hata soda. Magige alipouliza hesabu ikoje, akajibiwa, "Watumishi nimewapata." Magige akashukuru. Watumishi walikuwa wengi.

Hapa ndipo nachoka kila nikikumbuka, sababu kila mtu alifanya kwa nia njema, na mama alifanya kwa nia njema na kwa ujuzi. Yeye alikuwa mtendaji wa kijiji. Ameendesha mikutano ya kijiji mpaka koo limeota sugu. Na kwenye mkutano wa kijiji, mgombea akishajieleza anatolewa nje, tena anasindikizwa mbali, ili watu wapige kura bila kumwonea aibu. Mama hakuwahi kuingia Bunge letu. Akajua, kama unavyojua jua linatokea upande gani, kwamba wakati wa kura mteule hayupo. Mpango wake ulikuwa safi: asimame nje mpaka asikie kura inaitwa, mkwe awe ameshatolewa, aingie, ampigie kura, aondoke. Asingemwona, naye asingemwona.

Jumatano ikafika. Bunge lilikuwa linakaa bwaloni. Sisi tusio na viti tulijazana madirishani, maana hapakuwa na sinema nyingine mjini mchana ule. Magige alisimama mbele amevaa koti la Chrispin, mikono ya koti imeishia katikati ya mikono yake. Nyuma yake ulikuwa ukuta wenye ubao wa chakula: Jumatano, ugali na maharage.

Na alikuwa mzuri, jamani. Hatukujua kama ana maneno.

"Mteule, unakaa Butiama," mbunge mmoja wa Edwin akaanza. "Utawatumikiaje wanafunzi walioko Musoma?"

"Mkinithibitisha nitakaa hapahapa. Msiponithibitisha mtakuwa mmelijibu swali wenyewe."

Watu wakacheka, hata upande ule.

"Maji ya bwenini yanakatika kila siku. Utafanya nini?"

"Nitakwenda kwa mlezi kabla ya saa ya kuoga. Wenzangu mlikuwa mnakwenda baada, mnanuka sabuni, anawaona mmeshaoga."

Hata Edwin alificha mdomo. Akauliza la mwisho, "Na tukikukataa?"

"Nitapanda gari ya Makutano kama kawaida, Mheshimiwa Spika. Ila nitawasalimia kila siku nikichelewa."

Bwalo likapiga makofi. Chrispin alikuwa mlangoni ananikonyeza kama mtu aliyeuza ng'ombe mgonjwa kwa bei ya mzima. Edwin akasimama, akasema maswali yamekwisha, sasa Bunge linakwenda kupiga kura.

Nje, chini ya ukingo wa paa, Mama Matrida akasikia neno hilo. Akafunga mwavuli. Akaingia.

Bungeni kwetu mteule hatolewi nje. Anasimama mbele mpaka mwisho, awaone wanaomkubali na wanaomkataa. Ndiyo kanuni, Edwin hakuitunga siku ile.

Mama alipiga hatua mbili ndani, akainua uso, akaona. Kitenge kikapanda kichwani kwa mwendo mmoja, akajishusha kwenye kiti cha kwanza alichokigusa, akainama mpaka paji la uso likawa juu ya magoti. Na Magige, aliyekuwa anatabasamu, akageuka akautazama ukuta.

Vichwa vya wabunge vikageuka nyuma, vikarudi mbele.

"Mheshimiwa mteule," Edwin akasema polepole, "Bunge liko huku."

"Naliheshimu, Mheshimiwa Spika," Magige akauambia ubao wa chakula.

"Tunaomba ugeuke."

"Naomba niendelee hivi."

Kicheko kikaanza nyuma. Kisha kikakosa utamu, sababu Magige hakuwa anacheka. Shingo yake ilikuwa imelowa.

"Anatugeuzia mgongo kabla hata hajapata," mbunge mmoja akasema. "Akipata je, si atatugeuzia nini?"

Rhobi, binti wa Tarime, mbunge wa mwaka wa kwanza, akanyanyuka haraka. "Taarifa, Mheshimiwa Spika. Humu ndani ameingia mkwe wake. Hawezi kugeuka. Naomba mmoja atoke, tuendelee."

Edwin akatazama nyuma, akaona kitenge kimejikunja. Mimi naamini kabisa kwamba alielewa. Kwao ni Nyamuswa, upande uleule wa Bunda, asingekosa kuelewa. Lakini mtu akishashika rungu muda mrefu mkono unasahau kufunguka.

"Rhobi, kanuni zetu hazina mkwe," akasema. "Mbunge akitoka sasa hapigi kura. Mteule akitoka amejiuzulu. Wanaomkubali wasimame."

Wakasimama. Chrispin akahesabu kwa midomo, Edwin akahesabu kwa kalamu, sisi madirishani tukahesabu kwa sauti. Imepungua moja.

Ndipo tukauona ule mkono. Mama alikuwa bado ameinama, kichwa kimefunikwa, lakini mkono wa kulia ulikuwa umetoka juu ya kitenge, umenyooka, vidole vimebanwa pamoja kama wa mwanafunzi anayejua jibu.

"Mheshimiwa Spika," Rhobi akasema, "kuna mkono."

"Kanuni inasema kusimama."

"Lakini amekubali. Unauona."

"Mkono hauhesabiwi."

Tukangoja mama asimame. Aliyekuwa karibu naye akamgusa bega. Hakusimama. Mkono ukabaki juu muda mrefu baada ya Edwin kusema jina limekataliwa, mpaka mtu akaushusha taratibu kwa niaba yake.

Upande wa Edwin ukapiga makofi. Magige akatoka kwa mlango wa jikoni bila kugeuka, akitembea ubavuubavu kama kaa. Wapishi walikuwa wamesikia makofi tu. "Karibu, Waziri Mkuu, kula kwanza," mmoja akamwambia, akampakulia ugali wa heshima. Jina hilo likampata hapo, na halijamwacha.

Bunge likajichagulia kijana wa Edwin, aliyekuwa anakaa kwa mjomba wake karibu na soko. Chumba alikipokea, akakigeuza pa kuwekea spika za muziki. Magige akaendelea na gari ya Makutano. Muhula wa pili alikosa mtihani mmoja wa asubuhi, mtoto alipozaliwa akakosa mwingine. Akadisko. Alikuja kuchukua vitu vyake kwenye kabati tukakaa ukutani nje, hakuna aliyekuwa na utani wa kumpa, hata mimi. Mjomba wake alikuwa na mashine ya kusaga iliyolala. Akaiamsha.

Mama Matrida alimaliza, tena vizuri. Picha yake ya joho iko sebuleni kwa Recho, Magige amekaa miaka anapita pale ameangalia feni.

Chrispin alijilaumu kuliko wote. Alikuwa anasema, "Nimekwenda mpaka Bunda, kwa nauli yangu, kumletea mtu anguko lake." Nilimwambia asijitukuze, anguko lilikuwa na wahandisi wengi. Edwin naye nilimkuta mwaka jana stendi ya Bunda anauza vifaa vya simu. Nilipomtajia habari ile akasema kanuni alizifuata. Nikamwambia hakuna anayebisha. Akanirudishia chenji, kisha akaniita nimeshafika mbali, akauliza, "Hivi yule jamaa alimalizaga?" Nikamwambia hapana. Akarudi kwenye simu zake.

Sasa sikilizeni lililonifanya niandike haya. Kwao ipo njia ya kulimaliza jambo la mkwe. Mume anapeleka mbuzi na shuka kwa wakwe, mbuzi analiwa, mama na mkwe wake wanakula kwenye sahani moja mbele ya watu, na tangu siku hiyo wanaonana. Basi. Magige alikuwa anaijua njia hiyo tangu alipooa, na mbuzi alikuwa nao zizini kwa baba yake. Alichelewesha makusudi. Alitaka kwanza amalize chuo, aende ukweni ni mtu wa diploma, mama amwone kwa mara ya kwanza akiwa kamili.

Mwaka huu ndiyo alikwenda. Mimi nilibeba shuka.

Tulifika Bunda asubuhi, mbuzi akachinjwa, wazee wakasema maneno yao mafupi, mvua ikatishia ikaghairi. Mchana sahani ikawekwa kwenye mkeka. Mama Matrida akatoka ndani amejifunika, akakaa upande mmoja. Magige akakaa upande wa pili, ananiangalia mimi kama ninajua cha kufanya. Shangazi yake Recho akamfunua mama kitenge.

Walikula. Matonge matatu manne. Kisha mama akasema, akiwa anaitazama nyama, "Mwanangu, siku ile ya chuo."

"Ndiyo, mama."

"Nilidhani umetolewa nje."

"Najua, mama. Recho alinieleza."

"Nilipokuona nikainama. Nikasema akiniona nimeinama hivi sina uso, atageuka, awatazame watu wake, wamchague."

Magige akaacha kutafuna.

"Mimi niligeukia ukuta ili wewe usimame," akasema. "Nilikuwa nakusubiri. Nikasema nimekupa nafasi, simama tu, sikuoni."

Mama akaweka tonge chini. Shangazi akajifanya anafukuza nzi ambao hawakuwepo. 

"Nilikuwa nakungoja ugeuke," mama akarudia, kwa sauti ndogo.

"Nilikuwa nakungoja usimame."

Baada ya muda mama akajikaza, akawa mtendaji. Akauliza kama chuo hakiwezi kumpokea tena. Magige akamwambia alishakwenda kuuliza: mtaala umebadilishwa, masomo aliyofaulu hayahesabiki tena, labda aanze mwaka wa kwanza na watoto.

"Si uanze," mama akasema.

"Nina mashine, mama. Na watoto watatu wanakula."

"Ningekutafutia mtu wa kusimamia mashine."

"Ungeniambia zamani ningekubali," Magige akasema, si kwa kulaumu. Mama akaitikia kwa kichwa. Zamani angemwambiaje? Wakamalizia nyama.

Jioni tulirudi na pikipiki yake, mimi nyuma. Tulipofika Makutano akasimama kuongeza mafuta. Nikamuuliza, maana lilikuwa linaniwasha tangu mchana, aliona nini alipomwangalia mama usoni mara ya kwanza.

Akafikiri huku anafunga kifuniko cha tangi.

"Mama wa kawaida tu," akasema. "Ana pua ya Recho. Nimemtazama weee, na hakuna kilichotokea."